Mmea unajuaje kwamba joto limezidi?

Watu wakiongelea mbegu zinazovumilia joto utasikia "wamepata jeni ya joto", utadhani ni swichi moja tu, ukiiwasha mahindi hayadhuriki tena. Mi hiyo lugha siipendi, maana ukiangalia ndani ya seli kazi kubwa kabisa sio kulizuia joto, ni kushughulika na protini zilizoharibika.

Protini ni nyuzi zilizokunjwa kwa umbo maalum, na bila lile umbo hazina kazi. Joto likizidi zinafumuka, zile sehemu zake zisizopenda maji zinatokeza nje, zinanatana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa mabonge, kama ute wa yai kwenye maji ya moto. Ila mmea unatuzidi ujanja hapo, una protini inaitwa HSP101 (HSP ni kifupi cha Kiingereza cha protini za mshtuko wa joto) inayolishika bonge na kuchomoa uzi mmoja mmoja ili ukunjwe upya.

Sasa kengele yenyewe inavyolia ndo utamu. Siku za kawaida kuna protini inaitwa HSFA1, ndo inayowasha jeni za kujikinga na joto, lakini imetulia kwa sababu HSP70 na HSP90 zimeishikilia. Hizo HSP kazi yao nyingine ni kusaidia protini nyingine zikunjike vizuri. Joto likipanda protini zilizofumuka zinakuwa nyingi, HSP zote zinakimbilia huko, HSFA1 inabaki haina wa kuishika, basi zinaungana tatu tatu, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru HSP zaidi zitengenezwe, na zikishakuwa za kutosha zinarudi kuishika HSFA1 na kengele inazima yenyewe! Kuna vihisio vingine pia, utando wa seli unalegea na kalsiamu inaingia, lakini hii ya HSP kwangu ndo kiboko.

Na ndo maana mmea ukionjeshwa joto kwanza unakuwa sugu. Miche ya Arabidopsis, kale kammea ka maabara, ikipitishwa kwenye nyuzi joto 38 hivi kisha ikapumzishwa, inaweza kuvumilia 45 ambazo zingeiua, ila ukiitoa HSP101 ule usugu wote unapotea. Mtu atauliza, si tuiache kengele ilie muda wote? Jaribu uone, mara nyingi unapata mmea uliodumaa, protini za kujikinga zinakula nishati ya kukua.

Kuna protini zilizoharibika ambazo hazirekebishiki tena na hizo inabidi zisagwe. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni inayosaidia kuvumilia joto, inaitwa TT1, kutoka mpunga wa Afrika, Oryza glaberrima, na kumbe ni kipande cha proteasomu, yaani mashine ya kusaga protini mbovu. Toleo la huo mpunga linasaga haraka zaidi kukiwa na joto, basi. Kwangu huo ndo ushahidi mzuri kuliko yote kwamba usafi ni nusu ya kazi.

Usanisinuru nao unayumba mapema, na sio rubisko yenyewe, kile kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, inayokufa, ni msaidizi wake, rubisko aktivezi, dhaifu sana kwenye joto.

Lakini mavuno yanapotelea zaidi kwenye ua. Chavua inaitikia joto kwa udhaifu kuliko jani, HSP zake chache, kwahiyo unaweza kuona shamba la kijani kabisa alafu masuke yana mapepe matupu. Mpunga ukipata zaidi ya nyuzi 35 wakati ua limefunguka, hata kwa saa moja tu, tayari punje nyingi hazifungi. Watafiti wengine wakaamua kuachana na HSP kabisa, wakachukua kutoka mpunga mwitu Oryza officinalis kipande cha kromosomu kinachofanya maua yafunguke mapema asubuhi, saa moja na zaidi kabla ya kawaida, uchavushaji unaisha jua halijawa kali.