Siku moja maishani mwangu: mkia wa shakevale

Saa 11:30 alfajiri

Furukombe wa Ziwa Naivasha hawana huruma na mtu aliyelala. Wakianza kuitana kwenye migunga ya ufukweni, hata ukijifunika blanketi mbili utaamka tu. Natoka na tochi, na kazi yangu ya kwanza hapa kwenye kituo chetu cha kuuguza ndege wawindaji ni kuokota matapishi.

Ndege mwindaji humeza manyoya na mifupa pamoja na nyama, kisha asubuhi hutapika kitonge kikavu cha vile vilivyomshinda tumbo. Kitonge kizuri ni habari njema. Asiyetapika halishwi mpaka tujue kimemkwama nini. Ndiyo maana hatuwapi steki hapa, bali vifaranga wazima waliogandishwa: madume wa siku moja ambao wenye vitotoleo hawana haja nao kwa sababu hawatagi. Jana usiku nilitoa sitini kwenye friza. Chai nitakunywa baadaye, mikono ikishaoshwa mara tatu.

Saa 1:15 asubuhi

Mizani. Kupungua gramu thelathini kwa ndege wa kilo moja si mchezo, kwa hiyo kila mgonjwa anapimwa na kuandikwa daftarini.

Namfikia shakevale wa Kinangop. Huenda jina hulijui, ila ndege mwenyewe umemwona: yule mwewe mnene, mgongo mweusi, mkia mwekundu kama tofali, anayekaa juu ya nguzo kando ya barabara akitazama shamba kama askari wa zamu. Wakulima wa viazi wanamheshimu kwa sababu anakula fuko. Nguzo hiyo anayoipenda ndiyo inayommaliza. Bawa moja likigusa waya na jingine likigusa waya wa pili, au chuma kilichoungwa na ardhi, umeme unapita mwilini mwake.

Huyu, jike, aliletwa siku tano zilizopita na mzee aliyemkuta chini ya transfoma. Siku ya kwanza alikuwa na alama nyeusi tu, ndogo kama punje ya mtama, kwenye kidole. Alikula. Alinipiga kucha. Mimi nilifurahi, daktari hakufurahi, maana umeme unaweza kuua taratibu: unachoma mishipa ya damu kwa ndani, na nyama inakufa baada ya siku kadhaa wewe ukidhani mgonjwa amepona. Leo nimefungua bawa la kushoto, na kuanzia kiwiko kwenda mbele ni baridi na kavu kama kijiti cha kuni.

Nimemwita daktari. Amegusa, akanyamaza, akaenda kuvuta dawa kwenye sindano.

Saa 2:30

Wageni huuliza kwa nini tusikate bawa ndege akaishi. Wapo tunaowaweka hivyo, na utamwona mmoja sasa hivi. Lakini shakevale mzima aliyezoea kuona nusu ya Kinangop kutoka juu, ukimfungia atajigonga kwenye waya mpaka ajimalize. Katika hili niko upande wa daktari, ingawa kila mara nikimshika ndege kwa ajili ya sindano hiyo natazama ukutani.

Baadaye nachukua mkasi. Mkia wake haukuguswa na moto: manyoya kumi na mawili, hakuna hata moja lililovunjika. Nayakata karibu na ngozi, nayapanga kwa mfuatano, sita ya kushoto, sita ya kulia, kila moja na namba yake, na kuyatia kwenye bahasha. Kwenye kabati letu bahasha za namna hii ni nyingi kuliko za mishahara.

Saa 4 asubuhi

Darasa la tano, watoto arobaini na wawili, mwalimu mmoja anayekaa mbali sana na mimi. Nikitoka na bundi mkononi anazidi kurudi nyuma hadi anagusa basi.

“Shosho alisema akilia kwenu mtu anakufa,” anasema msichana wa mbele.

Sibishani na shosho wa mtu. Nimeshajifunza kwamba ukimdharau bibi umempoteza mtoto, na bundi pia. Naanza na shingo. Mtu ana mifupa mingapi ya shingo? Saba. Twiga je? Wanapiga kelele, mia! Saba vilevile. Bundi ana kumi na minne, na ndiyo sababu anageuza kichwa robo tatu ya mzunguko bila kusogeza mabega. Ndege, kama vile amesikia, anageuka kumtazama mwalimu. Kicheko.

Halafu nawapa vitonge vya bundi wa porini wavipasue kwa vijiti. Mvulana mmoja anatoa fuvu la panya, meno ya njano yakiwa bado kamili, kisha la pili, kisha la tatu. “Hawa wote ni wa nyumbani kwa nani?” nauliza. Yule msichana ananyamaza kidogo. “Kwetu panya ni wengi,” anasema. Naiacha hapo. Nawasimulia tu kwamba huko Kiawara, kaunti ya Nyeri, wapo wakulima wanaolinda bundi wakubwa kwenye magenge, na wageni hulipa kuja kuwaona.

Tumbusi wetu wa bawa moja ndiye wanayemcheka zaidi, kwa kichwa chake kisicho na manyoya. Hapo nakuwa mkali kidogo. Huyu alikula mzoga uliotiwa sumu ya kuulia wadudu. Simba akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anautia mzoga dawa. Anayekufa kwanza mara nyingi si simba, ni tumbusi, kwa makumi, kwa sababu huja pamoja na hula haraka. Majangili nao huwaua kwa makusudi, maana tumbusi wakizunguka angani askari wanajua tembo ameanguka wapi. Botswana mwaka 2019 walikufa zaidi ya 500 kwenye mizoga mitatu ya tembo.

Saa 6:50 mchana

Simu. Mama mmoja ana “tai” bandani, amempa maziwa na ugali. Mama, asante, tafadhali usimpe chochote tena. Katoni yenye matundu, kitambaa chini, giza, kimya, na watoto wasichungulie. Nasema maneno haya karibu kila siku. Ndege wengi wameniumiza moyo kwa sababu ya watu wabaya, lakini waliosongwa na maziwa ya watu wema nao si haba.

Saa 8:30

Chumba cha upasuaji. Mezani yuko shakevale mwingine, jike vilevile, aliyefugwa kwenye kibanda cha waya wa kuku mpaka mkia ukabaki visiki. Bawa zima, macho mazima, ila bila mkia hawezi kujigeuza akishuka kwenye mawindo. Kungoja anyonyoke mwenyewe ni miezi mingi kizuizini.

Daktari anamlaza usingizi. Mimi nafungua bahasha ya asubuhi.

Shina la unyoya ni tupu ndani kama mrija. Unakata kisiki, unachonga kijiti cha mwanzi kiingie pande zote mbili, tone la gundi, unasukuma, na kipande cha karatasi ngumu chini yake ili manyoya jirani yasishikane. Pembe ikikosea kidogo tu, ndege ataruka kama ndala iliyokatika. Manyoya yake matatu yalikuwa mazima. Tumepachika tisa, saa moja na dakika arobaini, na hakuna aliyezungumza isipokuwa “mwanga” na “namba nne kulia.”

Saa 11 jioni

Bodaboda. Gunia limefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, na dereva amesimama hatua tano kutoka kwenye pikipiki yake. Ndani kuna bundi aliyepigwa jiwe. “Sikutaka kumbeba, kaka. Lakini waliompiga walikuwa wanatafuta mafuta ya taa.” Mifupa haijavunjika, jicho moja lina damu. Giza na maji mwilini kwa leo. Dereva amekataa nauli ya kurudi, akaomba maji ya kunawa.

Saa 2 usiku

Mzee wa Kinangop amepiga, kama anavyopiga kila jioni. “Mgonjwa wangu?”

Nimemwambia ukweli. Kisha nikamweleza habari ya mkia. Amekaa kimya, nikasikia redio yake.

“Huyo mwingine mtamwachilia wapi?”

“Bado hatujaamua, mzee.”

“Mleteni huku. Fuko wamezidi.”

Nikamuuliza kama ile nguzo bado iko vile vile. Akasema iko.