Sufuria ya presha katika mapishi yetu ya kila siku

Nyumbani kwetu Mombasa, sufuria ya presha imepewa kazi moja tu, nayo ni kulainisha. Utamu wa chakula hutafutwa baadaye, kifuniko kikiwa wazi. Tangu nilipogawa kazi namna hiyo, mbaazi, maharagwe, supu ya mifupa na hata pweza vimekuwa vyakula vya siku za kazi, ilhali zamani vilingoja siku ambayo mtu anashinda nyumbani na gesi haijakaribia kwisha.

Nianze na mbaazi, kwa kuwa ndizo tunazopika zaidi. Huzinunua kavu Marikiti, huzichambua na kuziroweka usiku kucha. Asubuhi humwaga maji yale, hutia mapya yanayozifunika na kuzidi kidogo, kisha huongeza kijiko cha mafuta ili kupunguza povu. Mbaazi na jamii zake zisipite nusu ya sufuria, kwani povu na maganda yaweza kuziba tundu la mvuke. Vyakula vingine vyaweza kufika thuluthi mbili. Moto huwa mkali hadi filimbi ya kwanza, halafu huupunguza na kutazama saa: mbaazi zilizorowekwa hutosheka na dakika 10 hivi, maharagwe mekundu dakika 15. Wengi huhesabu filimbi, lakini filimbi hufuata ukali wa moto na ukubwa wa sufuria, kwa hiyo filimbi tano za jirani huenda zisiwe tano zako. Ndani ya chombo hicho maji hufikia takriban nyuzi 120 badala ya 100, na kwa kuwa sisi tuko usawa wa bahari, muda ulioandikwa kijitabuni hutufaa kama ulivyo; aliye Nairobi hana budi kuuongeza.

Nikishazima moto, huiacha presha ishuke yenyewe, maana kuifungulia ghafla huzipasua mbaazi zikavurugika. Hapo ndipo kuunga kunapoanza: kitunguu, pilipili mbichi, manjano, tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa, kwa moto mdogo huku nikikoroga. Tui likifungiwa ndani ya presha hukatika na kushika chini. Nyanya, ndimu na ukwaju navyo husubiri, kwa sababu uchachu huzifanya mbaazi zikawie kuiva.

Pweza hutaka maji kidogo, kikombe kimoja hivi, kwa sababu mwenyewe hutoa mengi. Baada ya dakika 15 hadi 20 huwa tayari kuingia katika mchuzi wa nazi. Mifupa ya ng'ombe huihesabia dakika 40, kisha huichemsha bila kifuniko, kwa kuwa maji hayapungui ndani ya presha na supu hutoka nyepesi mno.

Nyama ya pilau hulainishwa humo, lakini mchele sithubutu. Mama mkwe wangu angeuona ule ubwabwa na kunyamaza, jambo baya kuliko kusemwa. Samaki naye hana haja na presha.

Kila baada ya kupika, mpira wa kifuniko huvuliwa na kuoshwa peke yake, na kabla ya kufunga tena hulielekeza tundu la mvuke kwenye mwanga nihakikishe li wazi. Mvuke ukianza kutokea pembeni na filimbi isilie, mara nyingi mpira umekauka. Nenda nao dukani upimishwe na mpya, kwa kuwa sufuria za lita sawa hazina lazima ya kuwa na mipira sawa.