Kibali cha kazi kimeshatoka: kisome kabla ya kukitia mfukoni

Kadi yangu ya kibali cha kazi ilifika siku ya Alhamisi, hapa Portland katika jimbo la Maine, baada ya miezi mingi ya kusubiri ambayo kila aliyeomba hifadhi Marekani anaijua. Niliitazama picha yangu, nikampigia kaka yangu simu kumwambia kwamba nimepata karatasi, kisha nikaihifadhi ndani ya Biblia bila kuisoma. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu ambao kadi zao zinafika sasa, hasa wale ambao maombi yao ya hifadhi bado hayajaamuliwa, kwa sababu nimeona watu wa karibu nami wakiumia kwa mambo ambayo yangezuilika siku ileile ya kwanza.

Anza na jina na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi, ukilinganisha na pasipoti yako. Sisi wa Kongo, Burundi na Tanzania tuna majina matatu au manne, na mara nyingi jina la babu hujikuta mahali pa jina la ukoo. Kosa likiwa la idara ya uhamiaji, kadi hurekebishwa bila malipo. Likiwa lilitoka kwenye fomu yako ya I-765, ile ya kuombea kibali cha kazi, utalazimika kuomba upya na kulipa ada.

Kisha soma tarehe ya mwisho, na hapa naomba msomaji atulie nami. Wamarekani huanza na mwezi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliona 04/09, akahesabu kwamba ana muda hadi tarehe 4 Septemba, kumbe kibali chake kilikuwa kinakwisha tarehe 9 Aprili. Alisimamishwa kazi asubuhi hiyo hiyo, akiwa na watoto wanne na kodi ya nyumba, na ombi la kuongeza muda hakuwa ameliandika hata ukurasa mmoja. Zamani mtu aliyewahi kupeleka ombi lake kabla ya kibali kuisha aliendelea kufanya kazi kwa nyongeza ya muda ambayo ilikuwa imefika hadi siku 540, lakini kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 nafuu hiyo imeondolewa kwa wengi wetu, tukiwemo sisi waombaji hifadhi. Maana yake ni kwamba kadi ya zamani ikiisha kabla ya mpya kufika, kazi inasimama. Ombi hupokelewa kuanzia siku 180 kabla ya kadi kuisha. Ihesabu tarehe hiyo leo, uiandike kwenye kalenda ya ukutani, na umwonyeshe mwenzako wa nyumbani.

Kuhusu namba ya hifadhi ya jamii, ambayo wengi wetu huiita soshali, aliyeiomba ndani ya fomu ya I-765 huletewa kadi yake kwa posta, katika bahasha ya peke yake, na wiki mbili zikipita bila kuiona ni vyema aulizie. Ambaye hakuiomba aende mwenyewe kwenye ofisi ya Social Security akiwa na kibali na pasipoti. Huduma hiyo haina malipo, kwa hiyo usimpe mtu yeyote fedha ya kukusindikiza dirishani.

Siku ya kwanza kazini utajaza sehemu yako ya fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na mwajiri anatakiwa aone hati zako ndani ya siku 3 za kazi. Kibali chako kinatosha peke yake, kwa kuwa kinathibitisha wewe ni nani na pia kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Dada mmoja kutoka Bukavu alirudishwa nyumbani mara tatu na mwajiri aliyetaka kuona kadi ya kijani, yaani ile ya ukaazi wa kudumu, akaamini kwamba kosa ni lake. Halikuwa kosa lake, kwani sheria inampa mfanyakazi haki ya kuchagua hati ya kuonyesha kati ya zile zinazokubalika, na mwajiri haruhusiwi kudai nyingine.

Mshahara wa kwanza utakuwa pungufu kuliko ulivyotarajia. Mbali na kodi ya mapato, hukatwa asilimia 6.2 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 kwa ajili ya Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee. Nawasihi msikubali kulipwa mkononi ili kuyakwepa makato hayo, maana hati za malipo ndizo zitakazothibitisha kwamba ulifanya kazi kihalali.

Ukihama nyumba, iarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, na kama kesi yako iko mahakamani, iarifu pia mahakama, ambayo muda wake ni siku 5 za kazi.

Mama aliniuliza kwa simu kama sasa ninaweza kwenda kumwona Uvira. Ilinibidi nimweleze kwamba kadi hii si hati ya kusafiria, kwamba mwombaji hifadhi anayetoka Marekani bila kibali cha kurejea kilichotolewa mapema huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake, na kwamba hata akiwa nacho, kurudi katika nchi aliyoikimbia kunaweza kuliangusha ombi hilo. Kibali hicho huombwa kwa fomu ya I-131, kabla ya kununua tiketi na baada ya kuzungumza na wakili. Nimemwambia tutaonana kwa njia nyingine, na kwamba kwa sasa ninaweza angalau kumtumia fedha ya dawa kila mwezi.