Kwenda Tendaguru

Tuliondoka Lindi mjini kwa bodaboda alfajiri, tukashika barabara ya Kilwa, kisha tukakata kushoto kuingia bara. Baada ya hapo ni vumbi na mashimo tu. Tendaguru yenyewe ni kilima cha kawaida chenye nyasi na miti. Asiyejua habari zake atakipita.

Hapa ndipo, kuanzia 1909 hadi 1913, mamia ya wenyeji walipochimba mifupa ya dinosaria kwa ajili ya Wajerumani, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, mifupa yake imesimama kwenye makumbusho ya Berlin mpaka leo. Natamani kila mtoto wa Lindi alijue jina la Boheti.

Mwenyeji wangu, mzee mkulima wa korosho, alinionyesha jiwe kwenye korongo. Ndani yake mlikuwa na kombe la baharini, mistari yake bado inapapasika kwa kidole. Bahari ilifika huku ikarudi, tena na tena, miaka milioni 150 hivi iliyopita.

"Sasa mjukuu wangu," akaniuliza, "huyo Giraffatitan, shingo ndefu vile ya nini? Alikuwa akijinyoosha?"

"Hapana, babu. Watoto hawazaliwi sawa. Kentrosaurus, yule dinosaria mwingine wa miiba, alikula majani ya chini. Anayefikia ya juu hagombanii chakula naye. Njaa ikibana, mwenye shingo ndefu kidogo anashiba, anazaa, na watoto wanairithi. Vizazi kwa vizazi, shingo inazidi."

"Kama tunavyochagua mbegu ya mkorosho unaozaa sana."

Ndivyo hasa, ila porini hakuna mkulima. Kinachochuja ni ukame, njaa, maradhi na meno ya adui, na hakuna kati ya hivyo kinachojua kinaelekea wapi. Hilo ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria: mnyama mkubwa vile bila aliyempanga.

"Na wote wakaisha?"

Wakubwa waliisha miaka milioni 66 iliyopita. Lakini tawi moja la wale wala nyama wa miguu miwili lilikuwa limeshazaa ndege. Nikamwonyesha kuku aliyekuwa akipekua uani kwake. Elaphrosaurus, aliyechimbwa papa hapa Tendaguru, ni wa ukoo huohuo mpana, naye alikanyaga ardhi hii kwa vidole vitatu.

Mzee akamkamata kuku, akamgeuza, akaanza kuhesabu.