Jioni za kiangazi kwenye Makumbusho ya Jangwa, Tucson: ninavyowapeleka watoto na wazee

Ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa hapa Tucson, mji wa jimbo la Arizona, Marekani, kuhusu Arizona-Sonora Desert Museum (Makumbusho ya Jangwa) ni huu: "Jumamosi za kiangazi wanafungua mpaka usiku, basi nendeni giza likishaingia, joto limepoa." Nimeusikia kwa majirani, nimeusikia kazini, na wageni wetu wanaohamia mji huu kutoka Kongo na Burundi hupewa huohuo. Unaniudhi kwa sababu anayeufuata analipa kiingilio kizima na kukosa nusu ya alichokilipia, kisha anarudi akisema mahali penyewe hapana kitu.

Makumbusho haya yalifunguliwa 1952, kwenye vilima vya magharibi mwa mji. Ni bustani ya wanyama, bustani ya mimea na jengo la samaki kwa pamoja, na sehemu kubwa iko nje, kwenye njia zenye urefu wa kilomita tatu hivi. Wanyama wa jangwani hawakai macho kwa zamu moja. Wapo wanaolala jua likizama, wapo wanaoamka wakati huohuo. Kwa hiyo saa yenye thamani kuliko zote ni ile inayotangulia machweo na ile inayofuata. Ukiingia giza limeshatanda, umekuta zamu moja tu.

Arizona haisogezi saa mbele kiangazi kama majimbo mengine mengi ya Marekani. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa moja na nusu jioni, na mwishoni mwa Agosti huzama karibu saa moja kasoro robo. Aliyekulia karibu na ikweta ajue jambo moja: huku machweo hayaangushi usiku kwa haraka kama kwetu. Mwezi wa Juni, kutoka jua kuzama hadi giza la kuonea nyota vizuri ni kama saa moja na nusu. Ukiahidi watoto nge saa mbili usiku utawachosha bure. Nge wangoje saa tatu.

Ratiba yangu hupangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Saa kumi na mbili jioni tuko getini. Kwanza kwa kindi wa ardhini wanaoishi kwenye mashimo, maana hao huingia ndani kabla ya jua kuzama na hawatoki tena. Kisha banda la ndege wavumaji, ambao jioni hunywa nekta kwa pupa wajaze akiba ya usiku. Giza likiingia hutulia, na mwili wao hushuka joto ili nguvu isiishe kabla ya asubuhi. Machweo yenyewe tunayakutia kwa biva (beaver, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno) na fisi maji. Biva mchana kutwa amelala, na jioni ndipo anapoanza kuogelea. Baada ya hapo paka wakubwa: puma aliyekuwa amejilaza kivulini tangu asubuhi sasa anatembea. Wazee wakichoka, pango la bandia lipo njiani, lina ubaridi na mahali pa kupumulia. Ndege wawindaji wanaorushwa huru mbele ya watu ni maonyesho ya msimu wa baridi, msiyatafute kiangazi. Mada za kila Jumamosi na saa za kufunga hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tazama ratiba wiki hiyohiyo, usitegemee ya mwaka jana.

Sasa joto. Jua likizama hewa hupoa, lakini saruji na mawe yaliyopikwa siku nzima kwa nyuzi arobaini yanaendelea kutoa joto kwa saa kadhaa. Mtu mzima analisikia miguuni, na mtoto aliyelala kwenye kigari yuko karibu nalo mwili mzima. Kina mama wengi hufunika kigari kwa kanga ili kumkinga mtoto. Msifanye hivyo. Kanga kavu iliyofunika kigari huzuia hewa kupita, na ndani joto hupanda kuliko nje. Kichanga nambeba kwa mbeleko nyepesi, na kigari nakiachia maji na mikoba.

Kanga ina kazi nyingine, na hapo ndipo nasimama kuisifu. Juni hewa ya Tucson ni kavu sana, kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Lowesha kanga ya pamba, ikamue mpaka isidondoke, ivae shingoni na mabegani. Maji yanapokauka huchukua joto la mwili, na kwa dakika ishirini hivi mtu anahisi amewekewa kiyoyozi. Ikikauka, ilowanishe tena kwenye bomba la maji ya kunywa. Iwe pamba tupu. Kitambaa cha plastiki hakinywi maji. Lakini zingatieni msimu. Mvua za monsuni zikianza, kwa kawaida Julai, hewa hushika unyevu na kanga hukauka polepole, kwa hiyo ubaridi wake hupungua sana. Anayekwambia kitambaa chenye maji kinatosha kiangazi chote hajakijaribu Agosti. Agosti nabeba deli dogo lenye barafu, na kanga naizungushia vipande vya barafu.

Maji ya kunywa: chupa ya lita moja kwa kila mtu, ijazwe nusu, ilazwe ubavu kwenye friza usiku kucha, kisha wakati wa kuondoka ijaziwe maji ya kawaida. Ikilazwa, barafu huganda ubavuni na maji hupita kandokando yake. Kwa wazee naongeza chupa moja ya maji ya chumvi na sukari yaleyale ya kutibu kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wenye kisukari au shinikizo la damu, muulizeni daktari kwanza. Bomba za maji zipo ndani, huna haja ya kununua chupa.

Tunakuja kwenye tochi. Nge hung'aa rangi ya kijani-buluu chini ya mwanga wa urujuanimno (UV), kwa sababu ngozi yake ngumu ina kemikali zinazopokea mwanga huo na kuurudisha kwa rangi tunayoiona. Watu huambiwa, "Nunua tochi yoyote ya UV." Hapana. Zile za bei ndogo zenye balbu nyingi nyingi hutoa mwanga wa nanomita 395 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambao una zambarau nyingi inayoonekana kwa macho. Zambarau hiyo huifunika ardhi yote, na nge aliye mita tatu mbele si rahisi kumtofautisha na jiwe. Mara nyingi unalazimika kuinama mpaka karibu naye, jambo ambalo hutaki ukiwa na watoto. Tafuta tochi iliyoandikwa 365, yenye kioo cheusi mbele kinachochuja zambarau. Ni kama dola ishirini, pengine zaidi kidogo. Kuijaribu, imulike kwenye ukuta usio mweupe sana ndani ya chumba chenye giza: ukiona duara kali la zambarau, chujio ni bovu au halipo, ukiona mwanga hafifu tu, umepata.

Jaribio la pili ni kwa ajili ya watoto. Chupa ya maji ya toniki ina kwinini kidogo, dawa ileile ya malaria ambayo bibi zao wanaijua kwa uchungu wake. Imulike: maji yote yanakuwa buluu. Mtoto akishaona kwinini iking'aa anaelewa kwamba nge hana taa tumboni, ni ngozi inayojibu mwanga. Na hapo mwonyeshe fulana nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Sabuni nyingi zina kemikali ya kung'arisha weupe, na chini ya tochi hii fulana huwaka kuliko nge. Mimi naitumia makusudi: kila mtoto anavaa nguo ya rangi ya giza kwa mbele, na mgongoni nambania kipande cha shuka jeupe kwa pini. Nikizungusha tochi mara moja naona migongo yote na kuihesabu, na kwa kuwa weupe uko nyuma, hauwaumizi macho wao wanaotazama mbele. Katika msongamano wa familia zilizojaa gizani hakuna njia bora kuliko hiyo. Tochi ishikwe na mtu mzima tu, isielekezwe machoni, kwa sababu jicho halihisi ukali wa mwanga lisiouona vizuri.

Makumbusho yenyewe huwa na wafanyakazi na watu wa kujitolea wanaoonyesha nge, nawe ukitafuta tafuta ukiwa juu ya njia, usikanyage vitanda vya mimea. Mulika chini ya kuta za mawe na kwenye magome ya miti. Nge wa magome wa Arizona hupanda, tena hupenda kuning'inia chali chini ya ukingo, kwa hiyo tazama na juu. Nge aliyejivua ngozi karibuni haangazi mpaka ngozi mpya ikomae, basi kutoona mng'ao si ruhusa ya kuweka mkono popote. Usiku wa mbalamwezi wengi hawatoki mahali pa wazi. Chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo kwa nge na nyota, na Jumamosi ya mwezi mpevu kwa wazee wanaotaka kuona njia.

Huyu nge wa magome ndiye mwenye sumu kali kuliko nge wote wa Marekani, na kwa watoto wadogo ni hatari ya kweli. Dalili ni ganzi, mikono na miguu kurukaruka, macho kuzunguka yenyewe, mate kujaa, kupumua kwa shida. Mtoto akiumwa na nge, mwite mfanyakazi wa hapo mara moja, na namba ya kituo cha sumu cha nchi nzima ni 1-800-222-1222. Unaweza kuomba mkalimani. Mwenye shida ya kupumua ni 911 bila kungoja. Dawa ya kuzima sumu hiyo imeidhinishwa Marekani tangu 2011. Mambo ya kufunga kamba au kuchanja jeraha yaacheni kabisa.

Tochi ya kutembelea naifunga karatasi ya plastiki nyekundu, tabaka mbili, kwa mpira. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe mmoja wa simu unalirudisha mwanzo. Zimeni simu. Zawadi yake ni anga: Tucson na kaunti yake wana sheria za kupunguza taa za nje tangu 1972 kwa ajili ya vituo vya kutazama nyota. Tazameni kusini muone kundi la nyota liitwalo Nge, na nyota yake nyekundu. Dar es Salaam, jioni za Julai, hupita karibu na utosi. Hapa husimama chini, kama theluthi moja tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Watoto wetu wajue ni Nge yuleyule.

Mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni, msipite saguaro, dungusi kakati mrefu kama mti, bila kuinua macho. Maua yake meupe hufunguka usiku na kufunga mchana unaofuata, na popo mwenye pua ndefu huja kunywa nekta akiondoka na chavua usoni, kama popo wa kwetu wanavyofanya kwenye ua la mbuyu. Popo huyo aliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini Marekani mwaka 2018, kazi ya miaka mingi ya watu wa Marekani na Meksiko. Matunda hufuata Juni na Julai, nayo ni chakula cha jadi cha Watohono O'odham, wenyeji wa ardhi hii, wanaoyaangua kwa upondo mrefu wa mbavu za saguaro iliyokauka.

Chola ndiyo dungusi kakati ya kuogopa. Pingili yake hung'oka kwa kuguswa tu na kushika ngozi kwa miiba yenye vikulabu. Usiivute kwa mkono, itahamia mkononi. Beba kitana cha meno mapana: kichomeke kati ya ngozi na pingili, kisha rusha kwa nguvu kuelekea pasipo na mtu. Miiba iliyobaki itoe kwa koleo ndogo, mmoja mmoja. Ndiyo maana kandambili hatuvai, bali viatu vya kufunika vidole. Vinasaidia pia kwa nyoka mwenye kayamba mkiani, ambaye kiangazi hutembea usiku.

Gharama: kiingilio si kidogo. Kwa familia ya watu wanne au watano, mkienda mara mbili kadi ya mwaka ya uanachama imeshajilipa. Ulizeni dirishani kuhusu punguzo kwa wenye kadi ya msaada wa chakula.

Julai na Agosti, radi ikifuata umeme kabla ya sekunde thelathini kuisha, ingieni jengoni na mkae mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kurudi nyumbani usiku wa mvua, epukeni Gates Pass, barabara yenye mteremko mkali na kona nyingi. Shukeni Kinney Road mpaka Ajo Way. Korongo likiwa na maji yanayokimbia juu ya lami, geuzeni. Sentimita thelathini zinatosha kusomba gari dogo, na Arizona dereva anayepita kizuizi akaokolewa anaweza kutozwa gharama za uokoaji. Maji hayo mara nyingi hupungua ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo acheni chupa moja ya maji na biskuti garini kwa ajili ya kungoja.