Siku yangu moja na granaiti: kutoka kwenye mashine hadi kwenye hadubini

Saa 1:30 asubuhi. Nawahi maabara kabla umeme haujaanza michezo yake. Fundi wa kukata mawe keshatangulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii granaiti yako ya Mwanza itanimalizia msumeno!"

Ana haki ya kulalamika. Kwatzi, moja ya madini yaliyomo, ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana msumeno wake una almasi.

Saa 3. Naweka mashineni kipande mviringo cha kipenyo cha milimita 54. Nakikandamiza polepole, nikiongeza megapaskali 0.5 (kipimo cha mgandamizo) kila sekunde. Mwanzoni kimya, nyufa za zamani zinajifunga. Kisha vihisio nilivyobandika ubavuni vinaanza kunasa vijimlio: nyufa mpya zinazaliwa, zikielekea kule mzigo unakotoka. Halafu paa! Miwani ya kinga si pambo.

Saa 5. Jaribio la Brazili. Kisahani cha jiwe kinasimamishwa kwa ukingo, kinabanwa juu na chini, nacho kinapasuka katikati kwa kuvutwa pande mbili. Granaiti ikivutwa hubeba takribani sehemu ya kumi tu ya inachobeba ikikandamizwa.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8. Hadubini ya elektroni, na hapa ndipo siku inaponoga. Sampuli nimezipaka utando wa dhahabu, maana jiwe halipitishi umeme na picha ingeharibika. Uso uliopasuka kwa kuvutwa ni safi: felspa, madini mengine ya granaiti, imeachana kwa vingazi, ulanga umebanduka karatasi moja moja, kwatzi imemeguka kwa mikunjo kama chupa. Uso uliopasuka kwa kuteleza, vipande vikisuguana, una mikwaruzo ya upande mmoja na unga uliosagika.

Saa 10. Sampuli zilizopigwa kwa fimbo za Hopkinson, yaani fimbo ndefu za chuma zinazobana jiwe katikati na kulipiga ghafla, zimerudi kutoka ng'ambo. Huko mzigo hufika kwa mikrosekunde. Mzigo ukija taratibu, ufa hupata nafasi ya kupita penye udhaifu, mara nyingi mipakani mwa chembe. Ukija ghafla, nyufa nyingi huanza kwa mpigo, hutoa matawi na kukata chembe katikati, na jiwe huonekana imara zaidi. Anayepanga baruti mgodini kwa namba ya mashine ya polepole anajidanganya.

Saa 12 jioni. Mteja ameomba namba moja tu ya uimara wa jiwe. Nampelekea tatu, ya kukandamizwa polepole, ya kuvutwa na ya kupigwa ghafla, kila moja na picha yake, na namwomba anipigie kabla ya kuagiza baruti.