Kompyuta iliyocheza bao kwa pupa

Niliandika mchezo wa simu wa bao la kiswahili kwa Godot, programu ya kutengenezea michezo, kwenye laptopu yenye betri iliyochoka, chumbani kwangu Ngamiani, Tanga. Kanuni hazikunisumbua sana: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi. Nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ndiyo iliyonitoa jasho. Ina masharti yake, na kila niliyemuuliza alimsahihisha aliyemtangulia.

Nikawagawia watu thelathini hivi. Simu iliandika kila hatua na saa yake kwenye faili. Nami nikapita kukusanya faili kwa bluetooth, maana ningewalia bando, watu wangeifuta programu siku hiyo hiyo. Nilipozipanga kwenye jedwali nikaona wengi wanatoka wakati kompyuta inacheza.

Nikajiona msomi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza kwamba mtu huzama kwenye shughuli pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake; ukizidi anahangaika, ukipungua anachoshwa. Basi kompyuta yangu ni kali mno! Ilikuwa inatazama hatua nne mbele, nikaishusha hadi mbili. Faili za wiki iliyofuata zikasema yale yale.

Jioni moja nikaipeleka simu barazani. Mzee mmoja akaweka chini kikombe cha kahawa, akanamua, yaani akatia kete ya mkononi, akala, akatulia. Kompyuta ikajibu. Kufumba na kufumbua, kete ziko kwingine.

“Imefanya nini hii?”

“Imekula, babu. Imezunguka mara mbili, imelala pale.”

“Nani kaona?” Akanirudishia simu. “Mjukuu wangu, kwenye bao unamtazama mtu anavyotia kete. Huyu wako ananyang'anya.”

Kwenye jedwali nisingelitoa neno hilo hata ningelikodolea macho mwezi mzima.

Usiku ule nikabadilisha mistari michache tu. Kila kete ikachukua robo sekunde kuingia shimoni, na mlio wake: nilirekodi komwe, mbegu zinazotumika kama kete, zikidondoka kwenye bao la mti la mjomba, shimo tupu mlio mkavu, lililojaa mlio mzito. Kompyuta nayo ikawa inangoja kidogo kabla ya kucheza, ingawa haina cha kufikiri. Ni ulaghai, nakiri.

Nikairudishia hatua zake nne, nikarudi barazani. Babu akafungwa mkononi, yaani kabla kete za mkononi hazijaisha, akasonya, akataka nyingine. Simu sikuipata mpaka adhana ya Isha.